Rubani wa Malindi na Mawimbi ya Jua

Katika historia aliyoichapisha mwaka 1552, Mreno João de Barros anasimulia kikao kilichofanyika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Vasco da Gama alikuwa ametia nanga mbele ya mji, amepatiwa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na sasa wawili hao wanaonyeshana vyombo. Da Gama akatoa astrolabu yake kubwa ya mbao, na nyingine za madini, za kupimia kimo cha jua. Rubani hakushangaa. Alisema marubani wa Bahari ya Shamu wana vyombo vya shaba, vya pembetatu na vya robo duara, kwa kazi hiyo hiyo; ila yeye na mabaharia wa Kambay, huko Gujarat, husafiri kwa nyota. Kisha akaleta chombo chake mwenyewe, cha vibao vitatu.

Wengi wetu pwani tumelelewa tukiamini kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid wa Omani. Barros anamtaja kuwa Mgujarati, na wanahistoria wengi wa leo wamo upande wake. Mimi pia nimo humo. Ibn Majid hahitaji safari ya Da Gama ili aheshimiwe. Kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari, kilichokamilika karibu na mwaka 1490, kinamtosha.

Chombo cha vibao nakipenda kwa wepesi wake. Chukua kibao kimoja cha mstatili, kitoboe katikati, upitishe uzi wenye mafundo. Rubani huuma fundo kwa meno, akaunyosha uzi mpaka kibao kikakaa sawa na jicho, ukingo wa chini ukalala juu ya upeo wa bahari, wa juu ukaigusa nyota. Fundo lililo mdomoni ndilo linalomwambia yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Hesabu nzima ya bahari imefungwa kwenye uzi. Lakini kwa jua kibao hiki hakifai, maana hakuna mwenye jicho la kulikodolea. Astrolabu ya Mreno ilipita mlango mwingine: baharia halitazami jua, huinamisha macho na kuuacha mwanga upenye tundu mbili ndogo hadi utue mahali anapoweza kuusoma. Tofauti kubwa kati ya vyombo vile viwili vya Malindi ndiyo hiyo. Kimoja kinadai jicho lielekee kwenye kitu chenyewe. Kingine kinaridhika na mwanga uliokwisha kuanguka. Sehemu kubwa ya elimu ya leo kuhusu Jua imejengwa juu ya njia ya pili.

Wachina walikuwa wamejaribu ya kwanza. Wajumbe wa Malindi walipompelekea mfalme wa Ming twiga mwaka 1415, walifika katika ufalme ambao makarani wake walikuwa wakiandika madoa ya jua kwa zaidi ya miaka elfu moja, tangu mwaka 28 kabla ya Kristo, wakiyaona kwa macho matupu jua linapochomoza, linapotua au linapofunikwa na vumbi. Watu hao hao walikuwa na sindano ya sumaku melini. Doa jeusi katika daftari la nyota, sindano mbele ya nahodha: vitu viwili katika ustaarabu mmoja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kushuku kwamba lile doa ni kazi ya sumaku. Iliwachukua wanadamu hadi mwaka 1908 kuliona hilo.

Kwetu Waswahili jua lilisomwa kwa kuhesabu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na huteleza siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo hauwezi kumwambia mtu lini kaskazi itaingia au kusi itashika. Mabaharia wakaweka kando ya mwaka huo mwaka mwingine wa jua, wa siku 365, unaoanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa makumi. Kwa hesabu hiyo walijua kumi lipi jahazi liondoke na lipi lipandishwe pwani. Hapa jua ni mtunza zamu. Ndani yake mna nini, hilo halikuulizwa, wala halikuwa na haja ya kuulizwa.

Nayasema haya kwa sababu nimechoshwa na ulinganisho wa kivivu, ule unaoweka elimu ya pwani upande huu kama mila na fizikia upande ule kama ukweli, au unaogeuza kibao na kudai mababu walijua yote. Kitu kimoja ndicho ninachotaka kulinganisha. Nahodha wa pwani aliyasoma mawimbi na aliisoma sumaku, na vyote viwili vilikaa katika kichwa kimoja. Wasomaji wa Jua walivitenganisha kwa miongo kadhaa, na elimu yao ilipiga hatua pale walipoviunganisha.

Simama ufukweni, Watamu au Mayungu, maji yakiwa yamejaa kiasi. Mbele kuna mstari mweupe wa povu: huo ni mwamba. Wimbi lililotoka mbali likiwa mgongo mpana, wa chini, linapofikia maji haba huinuka, huwa jembamba, hujikunja, huvunjika. Nguvu iliyosafiri maelfu ya kilomita humwagika karibu yote pale. Lakini mstari ule si mzima. Kuna mahali maji hubaki ya kijani kilichokolea na povu hukatika. Huo ni mlango. Hapo kina ni kirefu, wimbi hupita bila kuvunjika na kuingia na nguvu zake ndani. Mvuvi anayerudi na dau huingia kwa mlango huo. Husubiri nje tanga likiwa limelegea, akayaacha mawimbi makubwa yapite moja baada ya jingine, akaujua utulivu ulio nyuma yao, ndipo akapenya. Anajua pia kwamba mlango unaopitika maji ya bamvua yakijaa unaweza kumuua yakitoka.

Sasa twende juu. Uso wa Jua tunaouona una joto la karibu nyuzi 5,500 za selsiasi. Ukipanda kilomita 500 hivi, joto hushuka hadi nyuzi elfu nne na ushei. Hapo ingetarajiwa liendelee kushuka. Haliendelei. Katika tabaka linaloitwa kromosfia, lenye unene wa kilomita 2,000 hivi, joto hugeuka na kupanda, likavuka nyuzi 10,000. Juu yake, ndani ya utando mwembamba sana, huruka hadi nyuzi milioni moja na zaidi katika korona. Wataalamu Walter Grotrian na Bengt Edlén waliithibitisha korona hiyo ya kutisha kati ya mwaka 1939 na miaka ya mwanzo ya 1940, kwa kusoma mistari ya mwanga wake. Kitu fulani hubeba nguvu kutoka chini na kuimwaga juu. Swali la mwendesha dau ndilo swali lenyewe: nguvu hiyo inavunjikia wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa la mawimbi matupu. Ludwig Biermann mwaka 1946 na Martin Schwarzschild mwaka 1948 walipendekeza kwamba gesi inayochemka chini ya uso hutoa mawimbi ya sauti yanayopanda. Gesi ya kromosfia hupungua uzito kwa kasi sana, zaidi ya mara milioni moja kutoka chini hadi kilele. Wimbi lenye nguvu ile ile likibebwa na gesi inayozidi kuwa nyepesi, mtikiso wake huongezeka, hadi linageuka wimbi la mshtuko na kumwaga joto. Ndivyo wimbi la bahari linavyoinuka likikaribia mwamba, ila sababu ni tofauti: kule ni kina kupungua, huku ni gesi kuwa nyepesi.

Mwaka 1960 Robert Leighton na wenzake, wakitumia mnara wa Mount Wilson huko California, waliyaona mawimbi yenyewe. Walipima jinsi rangi ya mwanga inavyosogea kidogo sana kuelekea bluu gesi inapotujia na kuelekea nyekundu inapotukimbia, wakagundua kwamba uso wa Jua hupanda na kushuka, kwa kasi ya karibu nusu kilomita kwa sekunde, kila baada ya dakika 5 hivi. Ni mapigo ya kawaida, ya kuaminika, yanayoenea uso mzima.

Shida ni kwamba mawimbi ya dakika 5 hayapandi. Angahewa la Jua lina kikomo chake: mawimbi yenye kipindi kirefu kuliko dakika 3 na ushei hurudishwa chini. Yale yenye nguvu kubwa kuliko yote, ambayo ungeyategemea kwa kazi ya kupasha moto, yamefungiwa ndani. Nadharia ya mawimbi matupu ilisimama hapo, kama mtu aliyefika mwambani na haoni mlango.

Elimu ya sumaku ilikuwa imekaa chumba cha pili muda wote. Mwaka 1896 Pieter Zeeman aligundua kwamba sumaku kali huupasua mstari mmoja wa mwanga ukawa miwili au mitatu. Mwaka 1908, hapo hapo Mount Wilson, George Ellery Hale aliona mistari iliyopasuka hivyo ndani ya madoa ya jua, akakadiria sumaku ya gauss 3,000 hivi. Sumaku ya dunia inayovuta dira ya jahazi hapa Malindi haifiki hata nusu ya gauss moja. Dira haiwezi kupelekwa kwenye uso wa Jua. Mwanga uliopasuka ndio sindano yake.

Aliyeunganisha vyumba hivi viwili ni Hannes Alfvén wa Sweden. Mwaka 1942, katika makala fupi mno, alieleza kwamba gesi yenye umeme ikiwa ndani ya uga wa sumaku inaweza kubeba wimbi la aina mpya kabisa, ambalo ndani yake uga wenyewe huyumba upande na kuibeba gesi. Wengi walimtilia shaka. Baharini hakuna wimbi linalofanana na hilo, na hapa ndipo nahodha na mwanafizikia wanapoachana: hata baharia hodari kuliko wote, mwenye dira mkononi na wimbi chini ya miguu, hakuwa na kisa cha kumfundisha kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuwa kitu kimoja. Bahari yetu haipitishi umeme vya kutosha, na sumaku ya dunia ni dhaifu mno.

Na mlango ulipatikana kwa njia hiyo hiyo ya kuunganisha. Gesi ya kromosfia, mahali ambapo sumaku ina nguvu kuliko shinikizo la gesi, haiwezi kukatiza mistari ya uga. Huteleza kuifuata tu. Mstari ukisimama wima, gesi hupanda na kushuka wima, na kikomo cha dakika 3 kinabaki palepale. Mstari ukiinama, gesi huteleza kwenye mteremko, mvutano wa Jua unaohisiwa kwenye mteremko huo hupungua, na kikomo kinalegea. Mawimbi ya dakika 5 yanapita. Bart De Pontieu na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba mawimbi yaliyovuja hivyo yanaweza kurusha miiba ya gesi inayochomoza kote katika kromosfia. Stuart Jefferies na wenzake mwaka 2006 waliyafuata mawimbi ya vipindi virefu yakipita penye sumaku iliyoinama, na wakaona nguvu inayopita hapo ni kubwa vya kutosha kuhesabiwa katika bajeti ya joto la kromosfia. Mwaka 2007 darubini ya Hinode ya Japani ikaonyesha miiba hiyo ikiyumba upande kwa upande, kama hesabu za Alfvén zilivyotaka.

Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za habari hii. Kwa nusu karne wataalamu walibishana mawimbi yapo au hayapo, yana nguvu au hayana. Mvuvi wa Mayungu hajawahi kubishana na mtu kama mawimbi yapo. Anauliza mlango uko wapi na unafunguka saa ngapi. Fizikia ya Jua ilianza kujibu ilipoanza kuuliza hivyo. Sitaki kuuvuta mfano huu kupita kiasi, kwani mwamba wa Watamu utakuwa palepale kesho, ilhali milango ya Jua huhama, huinuka na kulala ndani ya dakika na saa, sababu gesi inayochemka chini haiachi kuisukuma mizizi ya mistari ile. Isitoshe, sumaku hiyo hiyo inayofungua mlango hugeuza aina ya wimbi linalopita, jingine likiingia sauti likatoka Alfvén.

Pwani ya Kilifi inaingia katika habari hii waziwazi, na ni jambo la kusikitisha kwamba halisemwi sana. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya San Marco 2. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa hewa ya juu kabisa ya dunia juu ya ikweta, kwa mizani ambayo Broglio aliibuni. Hewa ile huvimba na kusinyaa kwa amri ya mionzi ya Jua iliyo nje ya uwezo wa macho, na mionzi hiyo hutoka kwenye kromosfia na juu yake. Setilaiti ya mwisho ya ukoo huo, iliyorushwa kutoka Ngomeni tarehe 25 Machi 1988, ilibeba hata chombo cha kuipima mionzi hiyo moja kwa moja. Tabaka la Jua ambalo nimekuwa nikilieleza lilipimwa kwa kifaa kilichoondoka kwenye maji ya Ungwana, mbele ya wavuvi wenye nyavu.

Kuna siku mbili za Desemba 1970 ambazo napenda kuzikumbuka pamoja. Tarehe 10, Stockholm, Alfvén alipokea Tuzo ya Nobel ya fizikia. Tarehe 12, siku ya uhuru wa Kenya, Ngomeni ilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani, na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, akaipa jina la Uhuru. Uhuru ilitazama mbali kuliko Jua, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Lakini kwa tendo lile jina la Kiswahili liliingia katika vitabu vya falaki vya dunia nzima na halijatoka.

Miaka tisa na ushei baadaye, tarehe 16 Februari 1980, kivuli cha mwezi kilivuka kusini mwa Kenya na kutokea baharini. Jua likifunikwa lote, kwa sekunde chache tu mwanzoni na mwishoni, kromosfia huonekana kwa jicho: utepe mwembamba mwekundu wa haidrojeni pembezoni mwa mwezi. Sekunde hizo watu wa darubini husafiri mabara kuzifuata. Msikitini wakati kama huo watu husimama kwa swala ya kupatwa kwa jua, na mafundisho waliyopokea ni kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote. Naliona hilo kuwa jambo zito. Mtume alifiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa, watu wakaunganisha mambo mawili, naye akakataa kuyaunganisha. Kukataa sababu ya uongo, hata pale inapokusifu, ni adabu ambayo mwanafizikia naye anaihitaji kila siku.

Penye udhaifu pia pasemwe. Elimu ya mlango wa mwamba ni ya kweli kwa sababu aliyekosea alizama. Imepimwa kwa miili ya watu. Lakini ni ya mlango huu na wa jirani, imekaa kwa mzee na mwanawe, na akifa bila mwana huondoka nayo. Ibn Majid aliandika, na ndiyo sababu tunaweza kubishana naye leo. Manahodha wetu wengi wa Mambrui na Ngomeni hawakuandika. Mwanafizikia akikosea haimgharimu chochote zaidi ya aibu, ila namba zake huwekwa mahali mgeni asiyempenda anaweza kuzikagua. Hata hivyo, mwanafizikia hana mwamba wa kugonga. Anadai nguvu ya wimbi inamwagika kilomita elfu moja juu ya uso wa Jua, na hakuna atakayezama hapo kumthibitisha. Sumaku ya kromosfia yenyewe ni ngumu kupima: ni dhaifu kuliko ya madoa, na mistari ya mwanga wa pale ni mipana kiasi kwamba mpasuko wa Zeeman hujificha ndani yake. Darubini ya Inouye huko Maui, yenye kioo cha mita 4 na iliyotoa picha zake za kwanza Januari 2020, imejengwa hasa kwa ajili ya ugumu huo.

Na mawimbi yana mpinzani. Mwaka 1988 Eugene Parker alipendekeza kwamba korona hupashwa na milipuko midogo isiyohesabika, pale mistari ya sumaku iliyosokotana inapokatika na kujiunga upya. Mimi naegemea mawimbi kwa kromosfia. Kwa korona naona ushahidi bado haujaelemea upande mmoja. Mojawapo ya vyombo vilivyotumiwa kuitafuta milipuko hiyo ni NuSTAR, setilaiti ya NASA iliyorushwa mwaka 2012, ambayo ilielekezwa kwenye Jua kwa mara ya kwanza Septemba 2014. Antena kuu inayopokea data zake ipo Ngomeni. Namba zinazoweza kuamua ugomvi wa Parker na wafuasi wa Alfvén hushukia kwenye mikoko ya Kilifi kabla ya kufika Roma au California.

Huwa tunalalamika, na kwa haki, kwamba data hizo hupita tu juu ya vichwa vyetu. Lakini hazifichwi. Baada ya muda wa watafiti wa kwanza kwisha, huwekwa wazi katika hifadhi ya NASA, bila malipo, kwa yeyote mwenye kompyuta. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Kilifi mjini, na watafiti wake wamekuwa wakichunguza jinsi Jua linavyovuruga tabaka la umeme juu ya ikweta. Kutoka kazi hiyo hadi kulisoma Jua lenyewe ni hatua moja. Mwanafunzi anayetaka kuanza anaweza kuchukua uchunguzi ule wa Septemba 2014, akaulinganisha na ramani za sumaku za siku hiyo hiyo, nazo ziko wazi, akatafuta mwenyewe mistari iliinama wapi.